Kompyuta ya Hazina

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Runinga nazo zilitiwa kapu moja na kompyuta, kwa upande wa Bara. Siku hizi kisa hiki husimuliwa kwa kicheko. Kijana anayeandika programu pale Kijitonyama akikisikia kwa mara ya kwanza hudhani anataniwa, na akishathibitisha kwamba ni kweli hukiweka pamoja na foleni za sukari na sabuni za miaka ya themanini: ushahidi mwingine wa wazee waliouogopa ulimwengu.

Mimi nadhani kisa hiki kinasimuliwa kwa kuanzia katikati. Marufuku ya 1974 haikutoka kwa watu wasioijua kompyuta. Ilitoka kwa watu waliokuwa wamekaa nayo karibu miaka kumi, wakaingia nayo hasara, tena mahali ambapo hasara inauma kuliko kwingine kote serikalini, yaani kwenye vitabu vya Hazina.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ICT 1500, mali ya kampuni ya Uingereza iliyoitwa International Computers and Tabulators. Ukiibandua nembo, hata hivyo, mashine yenyewe haikuwa ya Waingereza. Kiini chake kilikuwa RCA 301, kompyuta ya Kimarekani ambayo ICT waliinunua kwa watengenezaji wake na kuiuza kwa jina lao. Kwa hiyo nchi yenye umri wa miaka minne ilinunua, kwa pauni, mtambo wa Marekani kupitia mikono ya mkoloni wake wa jana. Miaka sita baadaye RCA wenyewe walijitoa katika biashara ya kompyuta. ICT nao mwaka 1968 waliunganishwa na wenzao wakawa ICL. Muuzaji alikuwa akibadilika haraka kuliko mnunuzi alivyoweza kumfuatilia, na hilo halijabadilika sana hadi leo.

Ili kuelewa mambo yaliharibikaje, tuifuate hati moja ya malipo. Gari la wizara limetengenezwa na fundi anadai. Mhasibu anaandika hati: fungu, kasma (yaani kifungu cha matumizi ndani ya fungu), kiasi, jina la mlipwaji. Hati inapelekwa chumba cha kutoboa kadi. Huko mtoboaji anakaa mbele ya kibao cha herufi, anasoma mwandiko wa mhasibu, na kila tarakimu anayoipiga inakuwa tundu kwenye kadi ya karatasi ngumu yenye safu 80. Mwenzake anaipiga hati ileile mara ya pili kwenye mashine ya kuhakiki. Matundu yakipishana, kadi inarudiwa. Kisha kadi zinapangwa, zinafungwa mafungu, zinalishwa kwenye mtambo, na mtambo unatoa orodha ndefu iliyochapwa: kila kasma na matumizi yake.

Tundu likikosewa safu moja tu, malipo ya gari yanaangukia kwenye kasma ya dawa. Mtambo haujui kwamba dawa hazina spea. Unajumlisha tu, tena kwa usahihi kabisa. Lakini hatari kubwa zaidi ni kuchelewa. Orodha ikirudi kwa mhasibu baada ya wiki kadhaa, haimwambii amebakiwa na nini leo. Inamwambia alikuwa na nini zamani. Mhasibu mwenye akili hawezi kufanya kazi hivyo, kwa hiyo anafungua leja yake ya mkono na kuifungia kwenye droo. Sasa serikali ina hesabu mbili, moja ya mtambo na moja ya droo, na mwisho wa mwaka lazima mtu akae azilinganishe. Kompyuta iliyonunuliwa kupunguza kazi inakuwa imeiongeza.

Juu ya hayo, serikali yenyewe ilikuwa inabadilika umbo. Azimio la Arusha la 1967 liliweka mabenki na viwanda mikononi mwa umma. Mwaka 1972 yakaja madaraka mikoani: wizara zikapeleka maofisa na mafungu yao mikoani, na vituo vya matumizi vikaongezeka kwa kishindo. Mtambo ulikuwa Dar es Salaam, hati zilikuwa Sumbawanga na Songea, na katikati kulikuwa na barabara ya vumbi. Wizara ilikuwa imeshaingiza mashine kubwa zaidi, ya familia ya 1900 kutoka kampuni ileile, lakini ukubwa wa mashine haukuwa ndio tatizo. Waliouelewa mfumo walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wageni wa mikataba. Mgeni wa mkataba akimaliza muda wake huondoka na kilichomo kichwani mwake. Mfumo wenyewe ulikuwa umesanifiwa vibaya kwa kazi iliyotakiwa. Hesabu zikachelewa, zikapishana, na fedha zikapotea.

Hapo ndipo Hazina ilipofanya jambo ambalo mpaka leo naliona la ajabu, na la kishujaa kwa namna yake: ilirudi nyuma. Uhasibu uliondolewa kwenye kompyuta ukarejeshwa kwenye mashine za uhasibu za umeme na vyuma, zile zenye kadi za leja, ambapo karani anaona salio kwa macho yake kila anapoingiza malipo. Ni serikali chache zilizowahi kukiri hadharani kwamba mfumo wa gharama umeshindwa na kuuzima. Nyingi huendelea kuulipia.

Kisha ikaja amri ya kuzuia uingizaji. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Cleopa Msuya, aliyempokea Amir Jamal kijiti mwaka 1972, na sanduku la fedha za kigeni alilolikuta lilikuwa linatoboka. Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda takriban mara nne. Mvua zikakosekana, na nchi ya wakulima ikalazimika kununua mahindi na ngano nje. Kila dola ilikuwa na mgombea. Ukiwa na dola za kununua ama nafaka ama mtambo ambao tayari umekupotezea hesabu, uamuzi si mgumu. Na kompyuta zenyewe nchi nzima hazikuzidi vidole vya mikono miwili, kwa hiyo walioumia kwa amri hiyo walikuwa wachache na sauti zao hazikufika mbali.

Kwa runinga hoja ilikuwa ya aina nyingine, na hapa siasa ilikuwa wazi zaidi. Runinga ingewafikia wakazi wachache wa mjini wenye umeme na uwezo, huku mkulima akibaki na giza lake. Upande wa pili wa maji Zanzibar ilikuwa imeshaamua vingine: ilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Nchi moja, bendera moja, na majibu mawili yanayopingana kwa swali lilelile ndani ya miezi michache. Bara ilichagua redio. Na haikuichagua kwa maneno matupu. Mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya marufuku, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Kikundi kinakaa chini ya mti, redio katikati, kitabu mkononi mwa kiongozi. Kipindi kikiisha watu wanajadiliana kisha wanakwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Redio na betri zenyewe zilikuwa zikiundwa Dar es Salaam, kwenye kiwanda cha Matsushita, kwa jina la National. Yaani watu walewale wanaosemwa kuwa waliiogopa teknolojia ndio walioendesha mojawapo ya kampeni kubwa za elimu kwa redio barani Afrika. Walikuwa na teknolojia yao. Waliichagua kwa vigezo vyao: je, inawafikia wengi, inarekebishika hapa, na nani ataielewa?

Vigezo hivyo vilikuwa vizuri. Kosa la 1974, kwa maoni yangu, lilikuwa kumhukumu asiyehusika. Ugonjwa ulikuwa kununua kitu usichokuwa na watu wa kukielewa. Dawa yake ilikuwa kuwatafuta na kuwafundisha hao watu, na kwa kazi hiyo unahitaji angalau mtambo mmoja wa kuharibia. Badala yake mtambo ukafungiwa mlango na ugonjwa ukaachwa ndani ya nyumba.

Na mlango wenyewe haukufungwa vizuri. Shirika la umma lenye hoja nzito liliweza kuomba kibali maalumu, na vibali vikawa vinatolewa kimoja kimoja. Halafu katika miaka ya themanini kompyuta ikapungua ukubwa. Ile iliyohitaji chumba chenye kiyoyozi na sakafu ya kuinuliwa ikawa kisanduku cha kukaa mezani, na kisanduku cha mezani huingia nchini kwa njia ambazo amri ya 1974 haikuziwazia. Njia kuu ilikuwa miradi ya wafadhili. Mradi wa maji unakuja na Land Rover mbili, mtaalamu mmoja na kompyuta moja. Mradi ukiisha, gari linabaki kwa mkurugenzi, kompyuta inafunikwa kitambaa. Kila mfadhili alileta aina yake na programu zake, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza kama zinaelewana. Tabia hiyo, ya kila ofisi kuwa na mfumo wake kwa sababu kila ofisi ina mfadhili wake, ilizaliwa hapo.

Bajeti ya 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana walizipata wapi. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Marufuku ya kompyuta ililegea, ikalegea tena, hadi ikawa haipo, bila siku ya mazishi. Televisheni za Bara zilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na walioanza walikuwa watu binafsi, ITV wakiwemo. Serikali yenyewe ilikuja na Televisheni ya Taifa miaka kadhaa baadaye. Mwaka huohuo wa 1994 Mobitel walileta simu ya mkononi, kidude kizito cha wafanyabiashara na mabalozi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kodi za kompyuta zikafutwa, na mwaka 2003 nchi ikapata sera yake ya kwanza ya teknolojia ya habari na mawasiliano. Kutoka marufuku hadi msamaha wa kodi haikufika miaka thelathini.

Lakini turudi Hazina, maana huko ndiko mambo yalikopikwa.

Katikati ya miaka ya tisini serikali ilikuwa haijui inadaiwa kiasi gani. Kila wizara ilikuwa na vitabu vyake vya hundi na akaunti zake. Mwaka 1996 ukawekwa utaratibu wa bajeti ya fedha taslimu: hutumii mwezi huu zaidi ya kilichokusanywa. Utaratibu kama huo hauwezi kusimamiwa kwa leja za droo, kwa hiyo kuanzia 1998 Hazina iliwasha kompyuta tena. Safari hii ilikuwa programu ya uhasibu ya kampuni ya California iliyoitwa Platinum, ambayo mwaka 1999 ilibadili jina ikawa Epicor. Wahasibu wa serikali waliizoea kwa jina hilo: "imeingia Epicor", "Epicor imekataa".

Kukataa ndiko kulikokuwa nguvu yake. Ofisa akitaka kununua matairi, hati ya kuagizia lazima itoke kwenye mfumo. Mfumo unaangalia kasma, ukikuta haina kitu hautoi hati. Miaka ya sitini taarifa ilimfikia mhasibu baada ya fedha kutumika. Sasa ilimsimamisha kabla. Kwa macho yangu haya ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote katika uendeshaji wa serikali yetu tangu Uhuru, na hakuna mtaa uliopewa jina lake.

Watu nao hawakulala. Mahali ambapo mfumo unakataa kuna mzabuni anayemfahamu ofisa kwa jina, na kuna simu. "Wewe leta matairi, hati utaipata bajeti ikifunguka." Matairi yanaletwa, hati haiji, na mzabuni anaingia kwenye orodha ya wanaoidai serikali. Malimbikizo ya madeni ya wazabuni yameendelea kuonekana katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu mwaka baada ya mwaka, na sehemu yake kubwa ilitokana na maagizo yaliyopitishwa nje ya mfumo. Kwenye mishahara hadithi ilikuwa ya aina hiyohiyo. Programu iliyotumika iliitwa Lawson, nayo ya Marekani, na kwa mwalimu mpya hakukuwa na habari njema kuliko kuambiwa jina lake "limesoma kwenye Lawson". Majina mengine yalisoma bila kuwa na watu. Msako wa watumishi hewa ulioanza mwaka 2016 uliwakuta zaidi ya 19,000. Mfumo ulikuwa umewalipa kila mwezi, kwa wakati, bila kukosea hata senti.

Mabadiliko yaliyomgusa raia wa kawaida, hata hivyo, hayakuanzia serikalini. Mwaka 2008 Vodacom walianzisha M-Pesa nchini, mwaka mmoja baada ya Kenya, kisha mitandao mingine ikafuata. Ndani ya miaka michache mama ntilie wa Tandika alikuwa na uwezo wa kutuma fedha Kigoma akiwa anakoroga uji. Aliyetaka kulipia leseni ya serikali, kinyume chake, bado alipanga foleni benki, akajaza hati ya kuweka fedha, akatoa nakala, akapeleka nakala ofisini, akasubiri karani amwandikie stakabadhi. Karani akiwa kwenye msiba, stakabadhi nayo ilikuwa kwenye msiba.

Mwaka 2017 serikali ilizilazimisha taasisi zake kukusanya malipo kupitia lango moja la kielektroniki, GePG. Kila deni linapewa namba yake ya tarakimu 12 inayoanza na 99, na mdaiwa anailipa popote: benki, kwa wakala, au kwenye simu akiwa kitandani. Leo hakuna anayelieleza lango hilo. Watu wanasema tu "nitumie kontrol namba", iwe ni bili ya maji, ada ya chuo, faini ya barabarani au kibali cha mazishi. Lililonivutia mimi ni mahali lilikotengenezwa. Halikununuliwa, lilijengwa na wataalamu wa serikali wenyewe, chini ya Wizara ya Fedha. Muda si mrefu baadaye wizara hiyohiyo iliiweka kando Epicor na kuhamia MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini, nao ukiwa kazi ya vijana wa ndani.

Ofisi iliyowahi kununua mashine ya RCA yenye nembo ya Waingereza, ikaizima, ikarudi kwenye kadi za leja, ilimaliza nusu karne kwa kuandika programu yake yenyewe. Sisemi MUSE haina kasoro. Nasema kasoro zake sasa zinaweza kurekebishwa na mtu anayelipwa kwa shilingi, anayepatikana Dodoma, na anayejua kasma ni nini bila kuelezwa. Mwaka 1974 mtu huyo hakuwepo. Amri ya mwaka ule ilimchelewesha, na fedha ya wafadhili iliyofuata ilimchelewesha zaidi, kwa sababu nani atamfundisha kijana kujenga kile kinacholetwa bure?

Kujua kujenga, lakini, hakumwongezei mtu hekima ya kutumia. Serikali ilipoona kwamba kila muamala wa simu unapita mahali unapoweza kuhesabika, ilishindwa kujizuia. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kila kutuma au kutoa. Kitaalamu kazi ilikwenda bila tatizo: mitandao ilirekebisha programu zake, makato yakaanza. Mitaani watu waliona kadi ya laini imegeuka kizuizi cha barabarani. Miamala ikapungua, kelele zikapanda hadi bungeni, na Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kupunguzwa. Yale maswali ya zamani ya Bara kuhusu redio na runinga, nani anafikiwa na nani anaumia, hayakuulizwa kabla mtambo haujawashwa. Yaliulizwa na wateja baada ya kuona salio.

Siku hizi neno linalotawala vikao vya serikali ni kusomana. Rais Samia Suluhu Hassan ameagiza zaidi ya mara moja kwamba mifumo ya serikali isomane, kwa sababu sasa mifumo ni mingi na kila taasisi ina wake: wa vitambulisho, wa ardhi, wa kodi, wa leseni, wa mikopo ya wanafunzi. Mingi imejengwa hapahapa, na mingine ni watoto wa miradi ile ya zamani. Taarifa moja unaweza kuombwa na ofisi tatu za serikali moja. Katika dirisha la kwanza unatoa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na kila kitu chako kinatokea kwenye kioo. Unachapishiwa karatasi, inagongwa mhuri. Unaipeleka dirisha la pili, kwenye jengo jingine, ambako karani anaiweka kando ya kibao chake cha herufi na kuanza kuipiga upya, tarakimu kwa tarakimu.